Mfupa Uliovunjika Bila Kuanguka

Bibi kajigeuza kitandani kwake Bagamoyo, paja likalia ka! Zahanati wanamuuliza kaangukia wapi. Hajaanguka. Wanawe hawaamini, na jirani mmoja keshaanza kunong'ona habari za mkono wa mtu.

Madaktari huuita mvunjiko wa kipatholojia: mfupa kukatika kwa nguvu ndogo ambayo mfupa mzima ungeihimili, kwa kuwa maradhi yalikwisha kuudhoofisha. Aliyelala katika nyumba za Mji Mkongwe anaijua boriti iliyobunguliwa: kwa nje ni mkoko, ndani ni unga. Siku ikikatika, usimlaumu paka aliyepita darini. Kinachobungua mfupa chaweza kuwa saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume, saratani ya uboho, uvimbe wa mfupa wenyewe, au usaha wa muda mrefu, ambao wenye selimundu huupata kwa urahisi.

Sasa jina. "Kipatholojia" ni Kigiriki kilichovishwa kanzu. Bibi hakimwambii kitu. "Kimaradhi" ni nafuu, ila ile ki- hufananisha, kama katika kitoto na kizungu, na hapa hakuna mfano, kuna maradhi yenyewe. Mimi nasema mvunjiko wa maradhi, kama tusemavyo kifo cha njaa. Na lugha ilikwisha kutufikisha nusu ya njia: vunja humtaka mvunjaji, vunjika haimtaki. Mguu umevunjika, basi. Sisi ndio tunaomtafutia mvunjaji kwa mazoea: ngazi, bodaboda, mnazi.

Kuganga, ndiko alikotoka mganga, kwa asili ni kufunga pamoja kilichoachana, na wazee wa pwani wanaounga mifupa kwa banzi na kamba wanalistahili neno hilo. Lakini mvunjiko wa maradhi ukifungwa banzi, au hata plasta, bila chanzo kutibiwa, mara nyingi haushiki. Ukikandwa, ndiyo balaa. Hutakiwa eksirei, pengine na kinyama kitolewe kikapimwe. Kutoka Bagamoyo ni kilomita 70 hivi hadi Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili kwa upasuaji, au Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi.

Kwa hiyo ukiulizwa uliangukia wapi, na hukuanguka, usitunge mnazi. Sema hukuanguka.