Kompyuta kuukuu ya Kayanga na kijitabu cha babu

Nilikwenda nyumbani Nkwenda, nimerudi na kisa chenye historia ndani yake.

Mwaka 2004 marehemu babu alisimulia habari za ukoo wetu, baba mdogo akaandika, na steshenari moja ya Kayanga ikapanga kurasa kwa PageMaker. Nakala zilizochapwa zilipotea, nyingine zililiwa na mchwa. Ikabaki CD. Nikajigamba kwamba kazi ni ndogo, kwani nalipia InDesign mpya kila mwezi. Ikagoma kabisa kulifungua lile faili.

Kwa nini? Turudi nyuma. PageMaker ilitolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1985, mtu mmoja akaweza kupanga kurasa za gazeti akiwa mezani kwake. Adobe waliinunua Aldus mwaka 1994, wakatoa InDesign mwaka 1999. PageMaker 7, ya mwaka 2001, ikawa ya mwisho. InDesign iliendelea kusoma mafaili ya PageMaker hadi toleo la CS6 la mwaka 2012, mwaka uleule Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kuwa hakutakuwa na CS nyingine ya kununua mara moja. Matoleo mapya ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka. Mwaka 2019 wakabana zaidi: mteja anapakua matoleo makubwa mawili ya karibuni tu.

Nikaenda Kayanga. Fundi mmoja alikuwa na kompyuta kuukuu yenye CS6. "Mdogo wangu, wananicheka kwa hili dude," akaniambia. Faili likafunguka! Tukalihifadhi kwa IDML, ambayo InDesign mpya inaisoma, na nakala ya PDF kwa ajili ya kuchapa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa steshenari, mnapoweka toleo jipya, ondoeni ile alama inayoruhusu la zamani lifutwe. Kazi ikikamilika, tunzeni IDML na PDF.

Jambo moja limebaki. Jalada linasema "Nkwenda, Wilaya ya Karagwe". Baba mdogo anataka niandike Kyerwa. Nimemwomba tuliache, maana babu alipokuwa akisimulia, Nkwenda ilikuwa Karagwe. Kyerwa tutaiandika kwenye toleo jipya, na la zamani libaki kando yake.