Mshipi wa Bi Asmaa na Leso za Kushona

 

Makala haya yametokana na ugomvi nyumbani kwetu. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, mama alirudi kutoka soko la Kongowea na gauni la mtumba la rangi ya zambarau, pana kiasi cha kuingia watu wawili. Akasema fundi atalikata amshonee mdogo wangu nguo ya Idi. Mtoto akalia mpaka Magharibi. Ati wenzake wa madrasa watajua. Nami sikuweza kumkaripia, maana nilipokuwa na umri wake nilivaa Idi gauni lililotokana na pazia, na kipande kilichobaki kilikuwa bado kinaning'inia dirishani kwetu. Mtu yeyote aliyepita uchochoroni alijua. Wasichana walicheka, na kicheko kile bado nakisikia.

Basi nikajiuliza: hii aibu ya nguo iliyogeuzwa imetoka wapi? Nikirudi kwenye vitabu, vya chuoni kwangu na vya madrasa pia, naona kinyume kabisa.

Tuanze na mwaka 622, mwaka wa Hijra. Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar (r.a.) wanajiandaa kutoka Makka kwa siri. Chakula kimeshatayarishwa, maji yamo kiribani, lakini hakuna cha kufungia. Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.) akauvua mshipi wake, kile kitambaa ambacho wanawake wa zama zile walijifunga kiunoni juu ya nguo, akaupasua vipande viwili. Kimoja akafungia kiriba, kingine akafungia chakula. Ndipo akaitwa Dhatu-Nitaqayn, mwenye mishipi miwili. Kisa hiki sote tumekisoma tukiwa wadogo.

Sehemu ya pili haisomwi sana, nayo ndiyo inayonigusa mimi. Miaka mingi baadaye mwanawe, Abdullah bin Zubeir, alikuwa Makka akipigana na Banu Umayya. Watu wa Sham wakawa wanamkejeli kwa jina la mama yake: ewe mtoto wa mwenye mishipi miwili! Kwao lilikuwa tusi. Pengine walimwona mama huyo kama mwanamke wa kazi, wa kujifungafunga vitambaa. Bi Asmaa, ambaye alikuwa mtu mzima sana wakati huo, akamweleza mwanawe mshipi ule ulikuwa upi na ulifunga chakula cha nani. Tangu hapo kila alipokejeliwa Abdullah alikubali kwa kiapo kwamba ndiyo, huyo ndiye mama yake. Aliuawa mwaka 692 katika kuzingirwa kwa Makka.

Kuna pia habari ya Bi Aisha (r.a.). Alikuwa na nguo yenye thamani ya dirham tano, na uzeeni mwake akasema kwamba mjakazi wake anaona haya kuivaa hata ndani ya nyumba. Ilhali zama za Mtume (s.a.w.), kila mwanamke wa Madina aliyetaka kupambwa alikuwa akituma mtu kuja kuazima nguo kama hiyo. Nguo moja, maharusi wangapi! Tena ni yeye huyo Bi Aisha aliyetundika pazia lenye picha za viumbe, na Mtume (s.a.w.) alipochukizwa nalo hakulitupa. Alilikata akatengeneza mto, au mito miwili. Kwa hivyo ukipata shati la mtumba ambalo kitambaa chake ni kizuri lakini limejaa mapicha, suluhisho lina zaidi ya miaka elfu moja na mia nne.

Wapo wanaouliza, je, nguo ya mtu usiyemjua, tena asiye Muislamu, inafaa kuswalia? Masheikh wetu hujibu kwamba asli ya nguo ni tohara mpaka ujue kuna najisi, na ukiifua wasiwasi umekwisha. Mimi naongeza jambo la kihistoria tu. Katika safari ya Tabuk, mwaka 630, Mtume (s.a.w.) alikuwa amevaa juba la Sham, na Sham siku zile ilikuwa chini ya Warumi. Mikono yake ilikuwa myembamba mno hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba. Na nyumbani kwake alikuwa akishona nguo yake iliyochanika na viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa turudi kwetu pwani, maana hapa pana mambo.

Katika karne ya 19 kitambaa kilichotawala soko letu kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyo na pambo, iliyoletwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 mpaka 1865, vilipokatiza shehena, vitambaa vya Bombay na vya Uingereza vikachukua nafasi. Merikani nyeupe, au kaniki iliyotiwa rangi ya nili, ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa. Ukimwona mtu barabarani ulijua daraja lake kwa kumtazama nguo tu. Wanahistoria wameandika kwamba mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama muungwana. Hebu tafakari hilo, dada yangu unayelalamika kwamba mtandio wako ni wa mwaka jana.

Kuelekea mwisho wa karne hiyo wanawake wa Mombasa na Unguja (kila mji unadai ulitangulia, na mimi ni wa Mombasa kwa hivyo msinitarajie haki) walianza kufanya jambo jipya. Madukani kulikuwa na vitambaa vya mkononi vya rangi rangi, leso, neno tulilolipata kwa Wareno. Vilikuja vikiwa jora, vimechapishwa mfululizo, muuzaji anakata kimoja kimoja. Wanawake wakaanza kununua sita kwa pamoja, vikakatwa vitatu vitatu, kisha wakavishona ukingo kwa ukingo. Safu mbili za vitatu: ikapatikana shuka moja kubwa yenye mapambo ambayo hakuna aliyewahi kuivaa. Zikaitwa leso za kushona. Yaani kitambaa cha kupangusia jasho kiligeuka vazi la kutokea.

Wafanyabiashara hawakulala. Walipoona kinamama wanajihangaisha na sindano, wakaagiza shuka nzima ikiwa imeshachapishwa, na hiyo ndiyo kanga. Mmoja wa waliovuma ni Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887. Chapa ya "Mali ya Abdulla" nadhani iko kabatini kwenu sasa hivi. Maandishi ya kwanza kwenye kanga yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo watu wetu walizojua kusoma. Sisi Mombasa bado twasema leso, ingawa hazishonwi tena.

Angalia miaka ile ilikuwa miaka gani. Sayyid Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliotoka utumwani waliivua kaniki, wakavaa leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Kichwani! Waungwana wengine, sina shaka, walicheka. Nadhani walicheka kama walivyocheka wale wa Sham.

Na leso kuukuu haitupwi. Nyanya yangu ana mpango wake: ikichuja rangi inakuwa ya jikoni, ikilainika inakuwa mbeleko na nepi, ikianza kutoboka inakuwa dekio. Hajasoma masomo ya mazingira popote.

Mitumba yenyewe ni habari nyingine, na sitaki niipambe. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, belo zilimiminika na viwanda vya nguo kama Kicomi cha Kisumu vikafa. Mitumba haikuwa sababu pekee, lakini ilichangia. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilisimamisha uagizaji kuanzia mwisho wa Machi mpaka Agosti, na ndipo wengi tukajua ni familia ngapi zinakula kupitia belo moja: anayelifungua, anayechagua kamera, anayefua, anayepiga pasi, na fundi anayekata na kushona upya. Fundi wetu aliniambia kugeuza nguo ni kazi ngumu kuliko kushona mpya, kwa sababu kitambaa kimeshakatwa na mtu mwingine na wewe unatakiwa ufuate makosa yake.

Mdogo wangu nilimhadithia haya yote usiku mmoja baada ya tarawehe. Alisikiliza mpaka kwa Abdullah bin Zubeir, halafu akauliza kama lile gauni la zambarau linaweza kutoa na mtandio. Mama akalitandaza sakafuni, wakapima kwa shubiri. Linatoa, na kinabaki kipande cha mto. Fundi amesema tupeleke kabla ya kumi la mwisho, foleni haijawa ndefu.