Vikopo Vitatu vya Mjomba

Mjomba wangu alikohoa kuanzia Krismasi ya 2005 hadi Agosti iliyofuata. Alikuwa seremala Eldoret, kwa hivyo mwanzoni sote tulilaumu vumbi la mbao. Aliporudi nyumbani suruali zikimpwaya, nyanya alimtazama mara moja tu akasema hilo si vumbi.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya wilaya, maana nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na kazi sina. Alitoa makohozi mara tatu: siku ya kwanza pale pale, alfajiri ya pili akiwa nyumbani, kisha tena tulipofika. Vikopo vitatu, majibu matatu, yote hasi. “Mzee, hauna TB,” kijana wa maabara akamwambia. Mjomba akafurahi hata akaninunulia soda. Alipewa dawa za kifua, akamaliza, akapewa zingine. Julai daktari mmoja mgeni akaamua makohozi yatumwe Nairobi yakaoteshwe. Agosti tukamzika. Majibu yakaja Septemba: kifua kikuu, cha kawaida kabisa, kinachosikia dawa zote.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule kijana wa maabara. Nilidhani alilala kazini. Ilibidi nisome historia ya chombo alichokuwa ameinamia ndipo nikamwachilia.

Machi 24, 1882, Robert Koch aliwaambia wanasayansi wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kiini cha kifua kikuu: bakteria mwembamba kama kijiti. Muda mfupi baadaye Wajerumani wengine wawili, Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, wakaboresha namna ya kumpaka rangi hadi aonekane mwekundu. Rangi hiyo, kioo hicho, jicho la mtu: ndivyo makohozi ya mjomba yalivyopimwa mwaka wa 2006. Miaka 124 ilikuwa imepita. Na darubini ya aina ile huhitaji bakteria kama 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita moja ndipo ionyeshe kitu. Mjomba alikuwa pia na virusi vya UKIMWI, jambo tulilolijua na hatukulitaja, na mgonjwa wa hivyo mara nyingi makohozi yake huwa na bakteria wachache. Kijana yule alipaswa kusema “sikuona.” Fomu yake haikuwa na nafasi ya neno hilo.

Kuotesha bakteria maabarani kungewapata, sawa, lakini bakteria wa TB hukua polepole kama mkopo wa shirika. Wiki sita, wiki nane. Mgonjwa hangojei.

Kuna kitu kimoja katika historia hii kinachonikera zaidi. Kuanzia 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoendeshwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Ni miili yao iliyoonyesha kwamba ukitia rifampicin katika dawa za TB, miezi kumi na minane ya matibabu inaweza kushuka hadi sita. Dunia nzima inatumia rifampicin kwa njia hiyo hadi leo. Tulisaidia dunia kupata dawa. Kipimo cha kujua nani anaihitaji kikabaki kile cha Berlin.

Kipimo kipya kilipokuja, kilipitia posta ya Marekani. Mwaka wa 1983 Kary Mullis, akiwa California, alibuni njia ya kunakili kipande cha DNA mamilioni ya mara, hata kilichokuwa kidogo mno kuonekana kikawa kingi. Mwaka wa 2001 barua zenye kimeta zikaua watu watano Marekani. Serikali ikataka mashine ya kupima hewa kwenye vituo vya kupanga barua, na teknolojia ya kampuni ya Cepheid, GeneXpert, ikachukuliwa. Kisha ndipo watafiti, wakiungana na shirika la FIND la Geneva, wakaielekeza kwa TB.

Kwa mikono ya mpimaji ni kazi rahisi. Anachanganya makohozi na dawa, anangoja robo saa, anamimina ndani ya katriji ya plastiki, anaitia kwenye mashine, anaenda kunywa chai. Ndani ya katriji bakteria wanaoshwa, wanapasuliwa kwa mtetemo, na kipande cha jeni yao iitwayo rpoB kinanakiliwa. Chembe tano zenye rangi hujaribu kushika kipande hicho. Kikiwa kimebadilika, moja inakosa kushika, na mashine inajua rifampicin haitafanya kazi. Yote haya kwa chini ya saa mbili.

Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha. Bei nayo? Katriji moja ilikuwa dola 16.86 kwa nchi maskini, hadi wafadhili walipolipa mwaka wa 2012 ishuke hadi 9.98. Ikakaa hapo miaka kumi na moja, ingawa utengenezaji wa teknolojia hiyo ulikuwa umekula zaidi ya dola milioni 250 za umma na za wafadhili, na Madaktari Wasio na Mipaka walishikilia kwamba dola tano zatosha. Septemba 2023, baada ya kelele nyingi, ikafika 7.97. Mtu asinidanganye kwamba hiyo ni hesabu ya sayansi.

Hapa kwetu mashine zilikuwa chache mwanzoni, za wagonjwa maalumu. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulipoonyesha watu wazima 558 kati ya kila 100,000 wana TB, wengi wao hawajulikani, ndipo GeneXpert ikafanywa kipimo cha kwanza kwa anayeshukiwa.

Mwaka wa 2019 binamu yangu, kitindamimba wa mjomba, akaanza kukohoa. Alitoa kikopo kimoja. Kikapanda bodaboda hadi kwenye mashine, na kesho yake asubuhi akanitumia picha ya karatasi: TB ipo, usugu wa rifampicin haupo, kiwango cha bakteria kidogo sana. Nilisoma hilo la mwisho mara nyingi. Kidogo sana ni kile ambacho darubini hupitwa nacho.

Akaanza dawa wiki hiyo hiyo. Siku ya pili akanipigia saa tano usiku ameshtuka, ati anakojoa rangi ya chungwa. Nikamwambia hiyo ni rifampicin, nesi si alikuambia? Akasema alimwambia, lakini alikuwa hasikilizi, alikuwa anamfikiria baba yake.