Konokono wa Warington na Bodi ya Ivrea

Ukiona kifaa cha kulisha samaki kikijizungusha chenyewe juu ya tangi la kioo sebuleni, utadhani historia yake ni historia ya kompyuta. Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili inahusu konokono, na mimi naona ndiyo tuliyoisahau.

Mwaka 1850 mwanakemia wa London, Robert Warington, aliripoti jaribio lake mbele ya Chemical Society. Alikuwa ameweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo chenye maji, mchanga, changarawe na mmea wa majini unaoitwa Vallisneria. Alitaka kujua kama samaki na mmea wanaweza kutunzana bila mtu kubadilisha maji kila mara. Mmea ulitoa oksijeni, samaki wakapumua, mambo yakaenda vizuri. Halafu majani makuukuu yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Warington akaingiza konokono. Wakala uozo wote, na mayai yao yakawa kitoweo cha samaki. Tangi likatulia.

Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu akwariamu. Waingereza wakapagawa, kila sebule ya mwenye pesa ikataka kioo chake. Lakini mimi narudi kwa konokono, kwa sababu wale ndio mtambo wa kwanza wa kujiendesha ndani ya tangi. Tena mtambo wenye akili fulani: uozo ukizidi, wanakula zaidi na kuzaana, ukipungua, nao wanapungua. Hakuna aliyewapangia saa.

Mashine nayo ilikuja kwa njia nyingine kabisa, kupitia kiwanda cha magari. Miaka ya sitini, mitambo ya General Motors kule Marekani iliongozwa na makabati yaliyojaa rilei, swichi za umeme zilizounganishwa kwa nyaya kibao. Modeli ya gari ikibadilika, mafundi walilazimika kuzifungua nyaya hizo na kuzifunga upya. Tarehe 1 Januari 1968 (ndiyo, siku ya Mwaka Mpya) mhandisi Dick Morley aliandika wazo lake: acha nyaya zilivyo, badilisha maagizo tu. Kampuni yake, Bedford Associates, ikaunda kidhibiti kilichoitwa Modicon 084. Namba hiyo haina fumbo lolote, ilikuwa tu kazi yao ya 84. Maagizo yake yalichorwa kama ngazi, yafanane na michoro ya rilei ambayo mafundi wa umeme walishaizoea. Hapo ndipo namheshimu Morley kweli. Hakumlazimisha fundi arudi shule.

Kutoka kabati la kiwandani hadi tangi la nyumbani kulibaki kikwazo kimoja, bei. Hicho kilivunjwa Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia ambako taipureta za Olivetti zilitengenezwa. Kulikuwa na chuo cha usanifu hapo, na wanafunzi wake walihitaji bodi za kuendesha mota na taa bila kufilisika. Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Colombia, alitengeneza mfumo wa Wiring kama kazi yake ya shahada ya uzamili. Juu ya msingi huo, mwaka 2005, Massimo Banzi na wenzake wakatoa Arduino. Jina walilitoa kwenye baa ya mtaani, nayo baa ilikuwa imeitwa jina la mfalme Arduin wa mwaka 1002. Michoro ya bodi wakaiachia dunia nzima, ndiyo maana leo ukipita Luthuli Avenue unaweza kununua nakala yake bila kuuza simu.

Mimi niliunda yangu kwa sababu nafanya kazi ya zamu, na tangi lenyewe ni la dada yangu mdogo aliye bweni. Shule ikifungwa, kabla hata ya salamu, anahesabu samaki.

Kifaa chenyewe si ajabu: bodi, mota ndogo ya sevo, na kikopo chenye tundu kinachopinduka na kudondosha punje. Utamu uko kwenye saa. Bodi peke yake huhesabu muda tangu ilipowashwa, kwa hivyo stima ikipotea, hesabu inaanza sufuri. Kama programu imeandikwa ilishe kila inapowaka, usiku wa stima kuja na kutoweka mara tatu ni chakula mara tatu. Dawa ni kuongeza saa ndogo yenye betri yake ya mviringo, inayoendelea kuhesabu gizani.

Lakini hata saa sahihi kabisa haijui kama samaki ameshiba. Punje zisizoliwa huzama, zinaoza, zinatoa amonia, na amonia huua samaki hata kama maji bado yanaonekana meupe. Mtu akisimama mbele ya kioo huona mabaki na kusema leo basi. Mota haioni kitu; ikifika saa mbili asubuhi inapindua kikopo. Morley alihitaji mashine inayotii, na gari linalotengenezwa halishibi. Kwetu sisi wa matangi, utii huo ndio hatari, na watu wengi wanaojenga vifaa hivi huhangaika na dakika badala ya kuhangaika na kipimo.

Samaki mzima mwenye afya huvumilia siku kadhaa bila kula, afadhali njaa ya Jumapili kuliko karamu ya kila siku. Kwa hivyo programu yangu inapindua kikopo mara moja kwa siku, na Jumapili haipindui kabisa. Tundu nimelipunguza kwa selotepu hadi zinapita punje chache tu. Chini kwenye changarawe nimetia konokono wanne.