Ababari wa Kisii: waliofungua fuvu kuyafuata maumivu

Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Annals of Plastic Surgery lilichapisha makala ya daktari wa Marekani, David Furnas, na wenzake kuhusu upasuaji wa fuvu miongoni mwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya. Nimeirudia makala hiyo kwa sababu moja. Historia ya maumivu sugu ya kichwa tunayosimuliwa huanzia Ugiriki na kuishia Ulaya, kana kwamba huku kwetu vichwa havikuwahi kuuma.

Njia hiyo inajulikana. Tabibu wa Kigiriki Galen, katika karne ya 2, aliandika kuhusu maumivu yanayoshika nusu ya kichwa, ambayo sisi twayaita kipandauso. Thomas Willis wa Uingereza aliilaumu mishipa ya damu katika karne ya 17, na mwaka 1873 daktari Edward Liveing akasema hapana, ni dhoruba ya mishipa ya fahamu. Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899.

Mwaka 1902 tabibu wa London, Sir Thomas Lauder Brunton, alieleza kwamba matundu yaliyoonekana katika mafuvu ya watu wa kale yalitobolewa kutibu kipandauso. Ushahidi hakuwa nao. Mifupa haisemi ilimuuma nani. Hata hivyo dhana hiyo ilienea, na hadi leo hurudiwa kama jambo lililothibitishwa. Wakati huo huo, katika vilima vya Kisii walikuwapo watu hai waliofungua fuvu kwa sababu ya kichwa kuuma. Wangeweza kuulizwa, na majibu wangeyatoa wenyewe.

Kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii, mtaalamu wa kufungua fuvu huitwa omobari omotwe, na wakiwa wengi ni ababari. Kazi hii walirithishana, kijana akijifunza kwa kumtazama mkubwa wake. Mgonjwa wao wa kawaida alikuwa mtu aliyepigwa rungu au jiwe, au aliyeanguka, jeraha likapona lakini kichwa kikaendelea kuuma miezi na miaka. Hakukamatwa wala kuburutwa. Alikwenda mwenyewe, akisindikizwa na ndugu, akaeleza alipoumia na panapouma.

Upasuaji ulifanyika nje, mchana, penye mwanga wa kutosha. Omobari alichana ngozi, akaisogeza kando, kisha akaanza kuukwangua mfupa kwa kisu kilichopinda, kidogo kidogo. Hakutoboa kwa kuchimba moja kwa moja, na hapo ndipo ulipo ustadi wenyewe, maana anayekwangua huona anakokwenda. Damu ilioshwa kwa maji, dawa za miti shamba zikitumika kuizuia. Chini ya mfupa kuna utando mgumu unaofunika ubongo, na ababari walijua kwamba utando huo hauguswi kwa ncha ya kisu. Mgonjwa alivumilia haya yote bila kulazwa usingizi wa hospitali.

Miongoni mwa waliowachunguza kwa makini kabla ya Furnas ni Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Canada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950. Maelezo yake, yaliyochapishwa mwaka 1967 katika kitabu kuhusu magonjwa ya kale, yana mtu mmoja ambaye sijaweza kumsahau. Aligonga kichwa, maumivu yakamganda, akapasuliwa. Yakarudi, akapasuliwa tena, na tena, mpaka sehemu kubwa ya mfupa wa utosi ikaisha, akawa anatembea na kofia ya kukinga kichwa chake. Margetts alimpiga picha. Wasomaji wa Ulaya walimwona kuwa kioja. Mimi namwona mgonjwa aliyeteswa na maumivu miaka mingi, akarudi kwa watu pekee waliokubali kwamba yanamuuma kweli.

Sidai kwamba kisu kiliponya. Leo tunajua maumivu ya namna hii hukaa zaidi katika mishipa ya fahamu na jinsi ubongo unavyoyapokea kuliko katika mfupa, na kwangua fuvu unavyotaka, hutalifikia chimbuko lake. Kukosekana kwa leseni na kwa dawa za kuzuia usaha kulikuwa hatari ya wazi. Lakini ababari walifanya jambo ambalo wagonjwa wetu wengi hawalipati: walimsikiliza mtu mwenye kichwa kinachouma, wakamuuliza kilianzaje.

Tazama kaunta ya duka lolote la dawa. Mtu anataja kichwa, anapewa vidonge viwili, anaondoka. Wiki ijayo yuko pale pale. Wataalamu huyaita maumivu ya kichwa sugu yanapofika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Wanajua pia kwamba dawa za kawaida za maumivu, zikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe huyazalisha. Kuna watu wanaonunua ugonjwa wao kila asubuhi, na hakuna aliyewaambia.

Dawa mpya zimekuja: sumatriptani mwaka 1991, na tangu 2018 sindano zinazozuia protini iitwayo CGRP. Bei yake inaziweka mbali na wengi wetu.

Hata maandishi kuhusu ababari yako mbali nasi. Rolf Meschig aliiandikia tasnifu elimu yao, Düsseldorf, mwaka 1983, kwa Kijerumani. Coxon, mwingine aliyeandika kuhusu ababari, alichapisha London, Margetts na Furnas wakawaandikia wasomaji wa kwao. Mwanafunzi wa udaktari kutoka Kisii au Nyamira anayetafuta mada ya utafiti hahitaji viza wala mkalimani. Aanze kwa kumuuliza babu yake nani katika ukoo ana kovu utosini, na nani alimpasua.