Udhibiti wa mafuriko katika Bonde la Msimbazi

Bonde la Msimbazi ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 270 ambalo maji yake ya mvua hutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi Bahari ya Hindi, na sehemu yake kubwa imo ndani ya jiji la Dar es Salaam. Mto wenyewe, wenye urefu wa kilomita 35 hivi, huteremka kupitia Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukakata Barabara ya Morogoro pale Jangwani, ukapita Hananasif na kuishia baharini chini ya Daraja la Selander. Mto Sinza, Mto Ng'ombe na vijito vya Luhanga na Ubungo huuongezea maji njiani. Wapenzi wa soka hulitaja bonde hili kila wiki: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni watoto wa Jangwani, na uwanja wa Kaunda wa Yanga umeshageuka dimbwi mara nyingi mvua zinapochachamaa.

Mipango mingi ya kudhibiti mafuriko ya Msimbazi imeanzia Jangwani, kwa kuwa ndiko maji yanakoonekana, barabara inakofungwa na kamera zinakokwenda. Kinachoijaza Jangwani, hata hivyo, hutoka kilomita nyingi juu yake.

Kwa nini bonde hufurika

Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, nyingi zikinyesha katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kiasi hicho si kikubwa kwa mji wa pwani ya tropiki. Kilichobadilika ni ardhi inayoipokea mvua hiyo.

Wahandisi hukadiria kilele cha maji kwa kuzidisha vitu 3: ukubwa wa eneo, kasi ya mvua, na sehemu ya mvua isiyonywewa na udongo. Chukua kilomita 1 ya mraba inayonyeshewa milimita 50 kwa saa. Ikiwa ni pori, na udongo unanywa asilimia 70 ya mvua hiyo, kijito hupokea karibu mita za ujazo 4 kwa sekunde. Eneo hilohilo likishafunikwa kwa mabati, zege na lami, ardhi ikabaki kunywa asilimia 20 tu, kijito kilekile hupokea mita za ujazo 11 kwa sekunde. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kinyerezi, Segerea, Tabata na Ukonga, ambako mashamba ya mikorosho na miembe yamegeuka makazi katika umri wa kizazi kimoja. Mtu aliyejenga kihalali kilimani, akasakafia ua wake na kuelekeza mifereji ya paa lake barabarani, ana mchango wake katika maji yanayoingia chumbani kwa mtu wa Kigogo, ingawa hawajawahi kuonana.

Mchanga ni tatizo zito kuliko maji yenyewe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa na mashamba, na udongo wa vilima vile ni wa kichanga, haushikamani. Mvua huubomoa, mto huuchukua kwa kasi ya mteremko, kisha ukifika Kigogo na Jangwani, ambako ardhi ni tambarare, maji hupoa mwendo na kuutua mzigo. Kitako cha mto hupanda mwaka hadi mwaka. Uwazi ulio chini ya daraja, ambao mhandisi aliupimia maji, hujaa mchanga mpaka maji yakakosa pa kupita na kuchagua barabara. Wachimba mchanga wa kando ya mto hupunguza kiasi fulani, lakini wanapochimba kingoni badala ya katikati ya mkondo, huangusha kingo na kuzidisha mmomonyoko.

Chini kabisa kuna bahari. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam huzidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto hauna pa kumwagia. Husimama, huku maji ya juu yakiendelea kuja. Taka nazo huziba makalavati, na wapo wanaosubiri mvua ili kutapisha vyoo kwenye maji yanayopita. Ndiyo maana mafuriko ya hapa huacha matope yenye kinyesi, na hofu ya kipindupindu hufuata mara maji yanapokauka.

Bonde na sheria

Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde la chini miongoni mwa ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Maandishi hayo yalikuwapo huku nyumba zikiendelea kujengwa, kwa sababu Jangwani, Suna na Mchikichini ziko karibu na Kariakoo, na mtu anayeishi kwa kibarua cha siku anahitaji kufika sokoni kwa miguu alfajiri. Serikali haikuwa mbali. Wakazi wa mabondeni walilipa kodi ya majengo, waliunganishiwa umeme, na wapo waliokuwa na leseni za makazi.

Desemba 2011 zilinyesha mvua ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mfano wake haukuonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Kiwanja kilikuwa kikavu na halali, lakini nauli ya kwenda na kurudi mjini ilikula kipato, na wengi waliviuza viwanja hivyo au kuviacha wakarudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi ziliwekwa alama ya X na kubomolewa kwa tingatinga. Nyingine zilijengwa tena palepale. Ubomoaji usioambatana na mahali pa kuishi karibu na kazi haujawahi kuliondoa tatizo hili, na hakuna sababu ya kutarajia utaliondoa siku za usoni.

Mafuriko ya Aprili 2018 yalifanyiwa uchunguzi wa kaya kwa kaya uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kaya zilizoguswa zilipoteza kwa wastani asilimia 23 ya kipato chao cha mwaka, na asilimia 77 ya hasara yote ilikuwa ya mali: magodoro, jokofu, cherehani, bidhaa za genge. Kwa mama anayeuza vitumbua, maji ya usiku mmoja ni karibu robo ya mwaka. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, nao haukusalimika. Karakana yake ilikuwa imejengwa Jangwani, ndani ya bonde, na mabasi yakaharibiwa na maji.

Mitaro ya Hananasif

Kabla ya mikopo mikubwa, Hananasif ilitoa somo ambalo limesahaulika mapema mno. Katika miaka ya 1990 wakazi wa mtaa huu, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, Ford Foundation na wataalamu wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Ardhi, walichimba na kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za mtaa kwa mikono yao. Walilipwa ujira, wanawake wakiwemo, na kamati ya wakazi ndiyo iliyosaini kazi. Ujenzi haukuwa wa kuiga tu. Ulifuata njia ambazo wenyeji walijua maji hupita, na mtu aliyeshika sururu alijua mtaro ule unapita mlangoni kwa nani. Udhaifu ulijitokeza baadaye, katika fedha na nidhamu ya matunzo, jambo linaloikumba mitaro ya zege ya makandarasi vilevile.

Ujuzi huo wa wenyeji ulirudi tena mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakichora mitaro, makalavati na nyumba, na kuwauliza watu maji yaliwafika wapi: kifundoni, gotini au kifuani. Ramani ya namna hiyo ina thamani kubwa kwa mpangaji, maana kompyuta inayokokotoa mafuriko bila kujua kalavati lipi limezibwa hutoa picha safi isiyo ya kweli.

Mpango wa sasa

Mwaka 2018 ziliendeshwa warsha mfululizo zilizowaketisha pamoja wahandisi, maofisa wa serikali na wakazi. Matokeo yake yakawa msingi wa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania ikaongeza mkopo wa euro milioni 30 na Uholanzi ruzuku ya dola milioni 30. Msimamizi wa utekelezaji ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Wazo lake kuu ni kuupa mto nafasi. Mkondo wa chini unapanuliwa na kuongezwa kina, na udongo unaochimbwa unatumika kuinua ardhi ya pembeni ili ijengwe juu ya usawa wa mafuriko. Katikati inabaki hifadhi ya mji yenye miti na viwanja, ambayo itaachwa ifurike mvua ikizidi. Jangwani linawekwa daraja jipya la juu na refu zaidi, na karakana ya mabasi inahamishiwa Ubungo Maziwa. Upande wa juu kuna kazi za kuzuia mmomonyoko na kurejesha miti.

Usanifu wa namna hii huanza kwa kuchagua mvua ya kukabiliana nayo. Mvua ya miaka 50 haina ahadi kwamba ikishanyesha watu watapumzika miaka 50. Kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 2, na nyumba itakayosimama miaka 30 ina uwezekano wa asilimia 45 wa kukutana nayo walau mara moja. Mkazi anastahili kuelezwa hesabu hii kwa Kiswahili chepesi kabla hajaambiwa kwamba eneo lake sasa ni salama.

Fidia ya wakazi wanaotakiwa kupisha mradi ilizua maneno mengi kuliko uhandisi. Mabishano yalihusu ardhi: kwa sheria, aliyejenga eneo hatarishi hana haki ya kulipwa kiwanja, na wakazi wakauliza kwa nini basi kodi yao ilipokewa miaka yote. Swali hilo ni la haki. Mamlaka iliyopokea kodi na kufunga mita ya umeme imeshiriki kuweka makazi pale, na gharama ya kuyaondoa haiwezi kutupiwa upande mmoja.

Jambo linalotia wasiwasi zaidi ni mipaka. Sehemu ya chini ya mto ni mpaka kati ya Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Kinondoni, vijito kadhaa vimo Ubungo, na baadhi ya vilima vinavyotoa mchanga viko Kisarawe, mkoa wa Pwani. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inahusika na mto wote, lakini vibali vya ujenzi, mitaro na uzoaji wa taka viko mikononi mwa halmashauri. Kisarawe ikipima viwanja bila kuacha miti na mabwawa ya kuchelewesha maji, hasara yake haionekani Kisarawe. Kila shilingi inayotumika kuchimba mchanga Jangwani bila kuwekeza Pugu ni shilingi itakayotakiwa tena baada ya masika machache. Bajeti ya matunzo ya kila mwaka, iliyochangiwa na halmashauri zote za bonde kwa kadiri ya eneo lao, ndiyo sehemu ya mpango ambayo ingepaswa kusainiwa kwanza.

Kwa anayenunua kiwanja leo kando ya Msimbazi au vijito vyake: saini ya mwenyekiti wa mtaa kwenye hati ya mauziano haithibitishi kwamba ardhi hiyo inajengeka. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uonyeshwe mchoro, uulize mita 60 zinaishia wapi, kisha uwaulize majirani wa zamani maji yaliwafika wapi mwaka 2011 na 2018. Fanya hivyo kabla ya kutoa fedha.