Usiku wa Nanyala Kabla na Baada ya Lami

Mtu anayegaagaa kitandani mpaka jogoo la kwanza huambiwa kwamba tatizo liko kwake: ana mawazo mengi, hana amani moyoni, amekunywa chai kali usiku. Huenda ni kweli. Ila maelezo hayo yanauchukulia usiku kana kwamba umekuwa vilevile siku zote, wakati Nanyala, kata ya Wilaya ya Mbozi inayopitiwa na barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma, usiku wake una historia yenye miaka na matukio. Nashikilia kwamba wazee wa nchi hii hawakulala saa nyingi kuliko wajukuu wao. Walichokuwa nacho ni utaratibu wa kulala na kuamka ulioshikiliwa na kijiji kizima, na utaratibu huo ndio uliovunjika. Anayetafuta dawa ya kukosa usingizi ana haja ya kujua hilo kwanza.

Kuna watakaosema nausifu usiku ambao haukuwepo. Karne ya 19 Unyiha, nchi ya Wanyiha ambamo Nanyala imo, haikuwa na usiku wa raha: vijiji vingi vilizungushiwa maboma ya miti kwa hofu ya uvamizi na biashara ya watumwa, na nje ya boma walinguruma wanyama. Tena Wanyiha walikuwa wahunzi mashuhuri. Tanuru lao refu la udongo, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, liliwaka usiku na mchana, na lilihitaji macho ya watu muda wote huo. Kukesha basi hakukuletwa na lami, na anayedai kwamba mababu walilala fofofo tangu magharibi anajidanganya. Lakini kukesha kule kulikuwa na mwisho unaojulikana. Mlinzi wa boma alishika zamu ili wengine walale, na tanuru lilipomaliza kazi yake, watu waliolihudumia walirudi kwenye usiku wa kawaida pamoja na jirani zao. Aliyekuwa macho hakuwa peke yake, na alijua kwa nini yuko macho.

Kuna ushahidi wa siku hizi unaosaidia kuuelewa usiku wa namna hiyo, ingawa unatoka kaskazini, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao ni wawindaji na si wakulima kama Wanyiha. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe na jamii nyingine mbili, moja ya kusini mwa Afrika na moja ya Bolivia. Watu hao wasio na umeme walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na kwa wastani usingizi uliwachukua zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama. Muda huo wa giza ulikuwa wa moto na mazungumzo. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine uliwafuatilia Wahadzabe watu wazima 33 kwa siku 20, na muda ambao wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ulikuwa dakika 18 tu. Karibu kila wakati palikuwa na mmoja anayejigeuza, anayenyonyesha au anayechochea moto. Hata hivyo, walipoulizwa, karibu wote walisema usingizi wao hauna tatizo. Hili ndilo linalonishawishi kuliko yote. Kuamka saa nane ya usiku hakukuwa ugonjwa kwao, kwa hiyo hakukuzaa ile hofu ya kutolala ambayo kwetu ndiyo inayomaliza usiku.

Lami ilikuja kwa sababu za mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia Kusini walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyotegemea njia za kusini kupata mafuta na kuuza shaba, ikalazimika kugeukia Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mafuta kwenye barabara ya vumbi iliyogeuka tope wakati wa mvua, safari iliyoua watu na magari kiasi cha kuitwa njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikaanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Kwa muda wa miaka kumi na kitu, nchi ya kahawa na mahindi ikawa mlango wa nchi zisizo na bahari. Mzigo haujui magharibi. Mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kuanzia miaka ya 1990 hadi 2023, lakini malori yaliendelea kuupanda mlima kuelekea Tunduma. Huko mpakani na Zambia foleni iliweza kumshikilia dereva kwa siku kadhaa, ndiyo maana kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa Oktoba 2019. Kando ya barabara kukaota maisha yanayofuata saa za lori: mama lishe, gesti, fundi wa pancha, mlinzi wa maegesho. Hawa wanakesha kama walinzi wa boma, ila zamu yao haina kijiji kinachoipanga wala msimu unaoimaliza.

Wengine watasema mkosaji ni umeme na simu, si barabara. Mwanga mkali wa usiku kweli huchelewesha homoni inayoandaa usingizi, na mwanga hafifu wa moto wa kuni haufanyi hivyo kwa kiwango hicho. Sikatai. Lakini taa huzimwa kwa kidole kimoja. Riziki inayopita saa tisa ya usiku haizimwi. Anayeuza chai kwa madereva hakeshi kwa sababu ya balbu.

Dunia ya hospitali ilijibu kukosa usingizi kwa vidonge. Mwaka 1903 Ujerumani ilitoa Veronal, na 1963 ikaja Valium, dawa ambazo mwili huzizoea na kudai zaidi. Njia nyingine ilianza kimyakimya. Mwaka 1972 Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, alielekeza wagonjwa wake wasiende kitandani mpaka usingizi uwashike, waondoke kitandani usipokuja, na waamke saa ileile kila asubuhi hata wakilala vibaya. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaongeza kwamba asiyelala vizuri apunguze muda wa kukaa kitandani. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kikapendekeza tiba ya aina hiyo itangulie vidonge. Ukiyatazama masharti yake, mengi ni ya kikao cha motoni: kukaa na wenzako hadi macho yawe mazito, kutolala mapema kwa kulazimisha, kuamshwa na kazi ya shamba ambayo haikujali ulilala saa ngapi. Kliniki inamwandikia mtu mmoja mmoja kile ambacho boma liliwapa wote bila karatasi.

Kwa mkulima wa kahawa wa Nanyala anayeteseka kitandani, masharti hayo yanatekelezeka kuanzia leo usiku, bila kununua chochote. Kwa dereva aliyeko kwenye foleni hayatekelezeki, kwa sababu hawezi kuwa na saa moja ya kuamka ikiwa hajui gari la mbele litasogea lini. Usingizi wake uko mikononi mwa wanaopanga saa za forodha na maegesho ya malori, na hao ndio wa kuulizwa kwa nini halali.